Kwa Muda Tu

Geneva,
4 Machi 1973

Baba Mkubwa,

Pokea salamu zangu, na umpe Mama Mkubwa Tecla zake kabla hujaendelea, maana najua ukishaanza kusoma humsikii mtu tena. Mimi ni mzima. Theluji imeyeyuka barabarani na watu wa hapa wameanza kutabasamu. Kaka ameniandikia kutoka Kisii kwamba mkewe Phelis amejifungua mtoto wa kike, na kwamba baba anaumwa magoti lakini bado anakataa kubebwa kwenda kanisani. Mdogo wangu Elmina ataolewa Agosti. Mimi sitaweza kuja. Wewe uko umbali wa asubuhi moja tu kwa basi, nenda ukale na sehemu yangu.

Sasa nikueleze kilichonikalisha kuandika. Unajua kwamba Benki hii hukopesha serikali, si watu, na kwamba mimi husoma maombi ya mikopo ya kilimo kutoka upande wetu wa Afrika. Mkuu wa kitengo chetu ni Mholanzi, Bwana Verhoeven. Mwezi Januari walikuja wageni kutoka Nairobi kuzungumzia mkopo wa viwanda vya chai. Nilikuwa na karatasi zote mkononi, zamu yangu ya kusema ilikuwa imefika, Bwana Verhoeven akageuka mbele ya wote akasema, “Mokeira, wageni hawana chai.” Nikamjibu kwamba nimekuja kuizungumzia chai, si kuimimina. Nikatoka. Nyuma yangu nilisikia mmoja wa wale wageni akicheka.

Wiki mbili baadaye aliandika katika tathmini yangu kwamba sina moyo wa ushirikiano na kwamba hasira zangu hazifai katika kazi ya pamoja. Muda wangu wa majaribio unakwisha Septemba. Kwa ukurasa huo sitathibitishwa kazini, na asiyethibitishwa hapa hunyang'anywa pia kibali cha kuishi. Nitafunga sanduku nirudi nyumbani kama mtu aliyefukuzwa, na kila mtu atauliza nilifanya nini.

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kamati ya rufaa: mashtaka kwa maandishi, mashahidi, mwaka mzima pengine, na katika mwaka huo hakuna mtu wa kitengo chetu atakayethubutu kunisalimia. Ya pili ni kitu kipya. Mwaka huu Benki imemweka mama mmoja wa Kifilipino, Bi. Delgado, katika chumba kidogo karibu na lifti. Hana amri juu ya mtu yeyote na hatunzi faili. Anasikiliza, kisha anabeba maneno kutoka huku kwenda kule. Sisi tunakiita chumba cha kulilia. Mimi sitaki kulia, nataka kamati. Lakini wewe uliamua magomvi ya watu miaka mingi pale shambani. Niambie kwamba niko sawa.

Mimi mwanao,
Mokeira


Kapkatet,
1 Aprili 1973

Binti yangu Mokeira,

Tecla amezipokea salamu na anakurudishia nyingi zaidi. Nilimsomea kisa chako cha chai. Alicheka kwanza, kisha akaacha, kisha akauliza kama hao Wazungu huitia maziwa. Hapa mvua ya mawe ilitupitia wiki jana. Majani ya chai yametoboka, na kituo cha kupimia kimekaa kimya kwa sababu hakuna cha kupima. Michai itachipua tena, ina subira kuliko sisi. Mtoto wa Phelis nimefurahi kumsikia. Kuhusu harusi ya Elmina, zawadi itafika. Nitamkabidhi Bosire, anayepeleka mboga Kisii kwa lori.

Univumilie kwa Kiswahili hiki cha kizee. Kigusii cha kuandika kimenikauka mkononi. Nyumbani na Tecla tunasema Kiswahili na Kipsigis, na vitabu vyangu ni vya Kiingereza, kwa hiyo lugha ya mama yangu imebaki kuwa ya kuombea tu.

Umetaka nikwambie kwamba uko sawa. Kwanza nikueleze tulivyofanya. Nilipokuwa karani wa laini ya wachumaji, meneja alikuwa na njia moja ya kumaliza ugomvi: kufukuza. Na aliyefukuzwa hakuwa nyapara hata siku moja, alikuwa mchumaji. Kwa hiyo watu walikuja kwangu kabla ya kufika ofisini. Mimi sikuwaita kwenye mkutano. Niliwapanga wachume mstari mmoja, huyu upande huu wa mchai na yule upande wa pili. Vidole vinatafuta majani mawili na chipukizi, macho yako mkononi, na hakuna anayelazimika kumtazama mwenzake usoni. Jua likipanda, mmoja hulalamikia umande. Mwingine hujibu. Kabla ya kufika kwenye mizani huwa wameshafika kwenye jambo lenyewe. Mimi nilikuwa nikitembea nyuma yao bila neno, isipokuwa nikiona wanalizunguka.

Haikufaulu kila mara. Wanawake wawili kutoka Kedowa walichuma siku nzima kimya, wakamaliza kwa kupigana kwa vikapu. Lakini wengi walibaki kazini, na kubaki kazini ndiko kulikotakiwa, kama kwako sasa.

Kwa hiyo nasema, nenda kwanza kwa huyo mama wa karibu na lifti. Kamati haitakimbia. Ukianza na kamati, mlango wa yule mama utakuwa umeufunga mwenyewe.

Nina swali moja. Umenieleza siku moja tu ya Januari. Kabla ya siku hiyo, chai ilikuwa ikimiminwa na nani?

Ni mimi, Baba yako Mkubwa,
Johana Bogonko


Geneva,
29 Aprili 1973

Baba Mkubwa,

Natumaini michai imechipua na Mama Mkubwa haumwi mgongo tena. Mimi nilipata mafua, nimepona. Nimehamia nyumba yenye dirisha linaloona mlima, na mwenye nyumba ananikataza kukaanga vitunguu baada ya saa mbili usiku.

Swali lako lilinikera siku kadhaa. Ni kweli, aliyekuwa akimimina ni mimi.

Wiki yangu ya kwanza hapa alikuja mzee mmoja kutoka Dahomey, nywele nyeupe kabisa, akaketi mbele ya kikombe kitupu. Birika lilikuwa katikati ya meza, na wanaume wote walilitazama kana kwamba ni mbuzi wa mtu mwingine. Unajua tulivyolelewa. Nina mikono, mzee ameketi na kiu, nitafanyaje? Nikainuka nikammiminia. Na nikishammiminia yeye, siwezi kuwaruka walio karibu naye. Mkutano uliofuata nilikuta birika limewekwa mbele yangu. Uliofuata vilevile. Nilitafuta namna ya kuacha bila kuwaadhibu wageni wasio na kosa, sikuipata, na mwaka ukapita. Bwana Verhoeven hakuwahi kuniagiza. Siku ile ya Januari ndiyo mara ya kwanza kulitamka. Utasema hakuongeza lolote, aliweka tu maneno kwenye jambo lililokuwepo. Mimi niliona tofauti kubwa. Siku zote nilikuwa nikimpa mzee mgeni. Siku ile niliambiwa nimpe kwa kuwa mimi ndiye wa kumimina.

Basi nilikwenda kwa Bi. Delgado. Ni mwanamke mnene, mpole, ana viti viwili na maua ya karatasi. Alisikiliza mpaka nikachoka mwenyewe. Kisha akaenda kwa Bwana Verhoeven, ambaye naye kumbe ana hasira zake. Anasema nilimvunjia heshima mbele ya serikali ya watu, na kwamba siku zote nilionekana kuifurahia kazi ile.

Mama huyo amerudi na pendekezo. Nihamie kitengo cha takwimu, ghorofa ya chini, kwa muda tu, mpaka mambo yapoe. Bwana Verhoeven ataondoa ukurasa wake, nami nitathibitishwa huko. Hakuna kitakachoandikwa popote. Huko chini hakuna chai wala kahawa wala mtu wa kwetu, ni kujumlisha tu hesabu za wengine, lakini sitafukuzwa. Nimepewa mpaka mwisho wa Juni kujibu. Nimechoka, Baba Mkubwa, na moyo wangu umeelekea kukubali. Nijibu mapema.

Jambo jingine. Nilimwandikia baba kwamba nakuomba ushauri. Akanijibu kurasa mbili za ng'ombe na magoti, na jina lako akaliruka kama mtu anavyoruka dimbwi. Kuna nini kati yenu?

Mwanao,
Mokeira


Geneva,
27 Mei 1973

Baba Mkubwa,

Salamu kwako na kwa Mama Mkubwa. Sijapata barua. Nauliza tu kama mko wazima. Juni inakaribia na bado sijajibu.

Mokeira


Kapkatet,
6 Juni 1973

Binti yangu,

Sisi ni wazima. Tecla amenigombeza kwa ajili yako, amesema mtu anayejua kusoma kiasi hiki hana kisingizio cha kutoandika. Sikuugua, na posta ya Litein haikupoteza kitu. Barua yako ya Aprili ilikaa mezani, nami nilikuwa nikiizunguka.

Lililonisimamisha ni yale maneno matatu: kwa muda tu.

Mwaka 1932 dada yetu Nyambeki aliolewa, na ng'ombe waliokuja kwa ajili yake walikuwa wa mimi kuolea. Ndivyo ilivyo kwetu, mkubwa huanza. Lakini baba yako Kebaso alikuwa tayari amempata msichana, na msichana alikuwa na mimba, na wajomba zake walikuwa wameketi uani kwetu hawataki kuondoka. Baba yetu alikuwa amefariki. Kebaso akawatoa wale ng'ombe bila kuniambia. Tuligombana mpaka mama akaogopa kutuacha nyumba moja.

Wazee walikuja wakatupatanisha. Walifanya kazi nzuri, siwalaumu. Wajomba wa msichana wameshafika mlangoni, walisema, hatuwezi kuwarudisha. Bogonko ndiye mkubwa na ndiye mtulivu. Aende huko Kericho kwenye chai kwa muda tu, mpaka mioyo ipoe. Ng'ombe wengine watapatikana, naye atarudi. Tulikula pamoja siku hiyo. Kebaso alinisindikiza mpaka mtoni akiwa amebeba mzigo wangu.

Kila mtu alipata kitu. Msichana alipata nyumba, wajomba walipata ng'ombe, mama alipata usingizi. Mimi nilipata kazi ya kuchuma. Na hakuna aliyesema nani ataamua kwamba mioyo imepoa, wala nani atatumwa kuniita. Nilingoja kuitwa. Mtu aliyeombwa aondoke hawezi kurudi tu kana kwamba amechoka kungoja, angeonekana amekuja kudai. Mwaka wa kwanza nilisikiliza kila mgeni kutoka Kisii. Baadaye nikawa karani, nikampata Tecla, ambaye baba yake alikubali mahari niliyoitafuta kwa mikono yangu, tukanunua kipande hiki. Watu wa hapa waliniingiza katika mazoea yao taratibu, mpaka nikawa wao. Mama alifariki, nikaambiwa baada ya mazishi.

Sikuandikii haya ili umchukie baba yako. Kwa ng'ombe wale alikuja mama yako, na bila wao usingekuwepo wa kuniandikia. Hesabu hiyo nimeifanya mara nyingi na kila mara nakubaliana na jibu lake.

Lakini sikiliza. Bado naona njia ya yule mama ni bora kuliko kamati. Patana naye Verhoeven. Ila usiwe wewe wa kuhama. Mtulivu ndiye huombwa aondoke, kwa sababu hatapiga kelele, na akishaondoka kuna utulivu, na utulivu ule kila mtu huuona kuwa ndio mwisho. Na kama lazima uhame, uliza kabla hujaondoka chumbani: ni nani atakayeniita, na siku gani? Mimi nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Niliona ni utovu wa adabu kuuliza.

Ni mimi, Bogonko


Geneva,
15 Julai 1973

Baba Mkubwa,

Barua yako ilinifikia ikiwa imebaki siku chache mwezi uishe. Niliisoma nimesimama kwenye ngazi. Mambo ya mwaka 1932 nitayafikia mwishoni, kwanza nikwambie nililofanya.

Nilirudi kwa Bi. Delgado nikamwambia sihami. Nikamuuliza maswali yako mawili. Akakiri kwamba hajui nani angeniita, na kwamba kwa kweli waliokwisha kuhamia takwimu kwa muda bado wako huko. Ni mtu mwaminifu. Akaniuliza, basi nataka nini? Nikasema nataka kuzungumza na Bwana Verhoeven, lakini si mezani, maana mezani yeye ni mkuu na mimi ni mtu wa birika. Nikamweleza juu ya mstari wako wa michai. Aliniomba nirudie.

Ijumaa iliyofuata alituita sote wawili baada ya mkutano wa jioni, si chumbani kwake bali katika jiko dogo la ghorofa yetu. Vikombe vya watu wote vilikuwa vimerundikwa kwenye sinki. Akasema ana mazungumzo na sisi, lakini hawezi kuzungumza katika jiko chafu. Kisha akatoka. Ilikuwa hila ya wazi kabisa, mtoto angeiona. Bwana Verhoeven alisimama pale na suti yake. Mwishowe akavua koti, akakunja mikono ya shati, akafungua maji. Mimi nikachukua kitambaa.

Alivunja kishikio cha kikombe cha kwanza. Hajui kuosha vyombo, Baba Mkubwa, anavipapasa kama mtu anayetafuta ufunguo gizani. Tulikwenda hivyo bila neno kwa vikombe vingi. Ndipo akasema, macho yakiwa kwenye povu, “Nilidhani unapenda. Hakuna aliyekuambia uanze.”

“Hakuna aliyeniambia,” nikasema. “Na hakuna aliyeniuliza.”

Akaosha kingine. Akasema kwamba mama yake alikuwa mhudumu katika hoteli ya stesheni. Nikamweleza juu ya mzee wa Dahomey, kwamba kwetu kijana hakai huku mzee ana kikombe kitupu, na kwamba katika chumba kile nilimngoja mmoja wao aone aibu na hakuna aliyeona. Hapo akafunga maji. Kisha akasema yeye ndiye aliyemwagiza karani aweke birika mbele yangu, mkutano wa pili, na kwamba hakulifikiria hata kidogo. Nikamwambia nami kosa la Januari ni kuondoka na karatasi. Wageni walikuja kwa ajili ya mkopo, wakarudi bila majibu yao. Akasema ndiyo, hilo ndilo lililomwuma kuliko yote.

Ukurasa ameuondoa. Niko pale pale kwenye kitengo changu, na juzi nimepewa karatasi ya kuthibitishwa bila kungoja Septemba. Nilitaka pia habari hii iandikwe mahali fulani, kwa ajili ya msichana atakayekuja baada yangu, na hapo Bi. Delgado alikataa kabisa. Chumba chake hakiandiki, na kikianza kuandika hakuna atakayekiingia. Hilo bado halijanikaa vizuri. Tumekubaliana kitu kidogo tu: zamu ya chai imebandikwa kwenye mlango wa jiko, majina yote ya kitengo, na la juu kabisa ni la Bwana Verhoeven. Jumatatu iliyopita alimimina. Wageni walikuwa Wakolombia, wakamshukuru wakidhani ni heshima maalum.

Sasa la kwetu. Nimemwandikia baba. Sikumlaumu, nilimuuliza tu yale maswali mawili uliyonifundisha. Samahani kama nimevuka mpaka. Bado hajajibu.

Mwanao,
Mokeira


Kapkatet,
2 Septemba 1973

Binti yangu Mokeira,

Tecla amefurahi mpaka amechinja kuku, na amesema huyo Mholanzi aoe mtu wa kumfundisha kuosha vikombe. Nami nimefurahi. Soma maombi yako ya mikopo vizuri. Usiwe mwepesi kwa watu wa kahawa kuliko sisi wa chai.

Kuhusu msichana atakayekuja baada yako, una haki ya kutotulia. Njia yangu ya mistari ilikuwa na kasoro hiyo hiyo. Nyapara aliyepatana na mchumaji wa Jumatatu alimtukana mwingine siku ya Alhamisi, nami nikaanza upya. Sikupata dawa yake. Pengine ninyi mtaipata.

Harusi ya Elmina ilipita salama. Bosire alipeleka zawadi. Anasema Kebaso aliipokea kwa mikono miwili, akaiangalia, akauliza kama barabara ya huku ni nzuri siku hizi. Bosire akamwambia ni nzuri. Hakuuliza zaidi. Hukuvuka mpaka wowote, binti yangu. Kama atajibu, nitakujulisha, na kama hatajibu, tayari swali limeulizwa na mtu wa nyumba yake, jambo ambalo halikuwahi kutokea.

Nimalize na habari ya hapa. Mwezi wa Julai wana wawili wa jirani yetu Chepkemboi waligombana juu ya mahali pa kupanda chai, mkubwa Kipsang na mdogo wake Kiprono. Mapanga yalitajwa. Tulikaa wazee watano, na mchana tukapata mapatano: Kipsang aende kwa mjomba wake upande wa Bomet kwa muda, mpaka mambo yatulie. Wote wakaafiki. Chakula kilikuwa kimeiva, harufu tunaisikia, watu wakaanza kuinuka.

Nikasema bado. Nikauliza ni nani atakayekwenda kumwita, na siku gani. Walinikasirikia. Mzee mmoja akasema, “Bogonko, wewe na vitabu vyako, uji unapoa.” Nikasema upoe. Sikuinuka, na kwa kuwa mimi ndiye mkubwa wao kwa umri, hawakuweza kwenda kula wakaniacha nimeketi. Mwishowe Kiprono mwenyewe akasema, kwa uchungu, akitazama miguu yake, “Nitakwenda mimi. Jumamosi ya mwisho ya Agosti.” Ndipo tukala.

Jumamosi hiyo ilikuwa wiki iliyopita. Nilitoa kiti nje mapema. Tecla aliniuliza nangoja nini, nikamwambia ninaota jua, ingawa jua lilikuwa bado halijatoka. Kiprono alipita akisukuma baiskeli kwenye kile kilima, amevaa shati la kanisani. Alinisalimia. Sikumuuliza anakwenda wapi. Jioni walirudi wawili, Kipsang amekaa nyuma kwenye keria na mzigo wake magotini, wanabishana kwa sauti juu ya breki.

Ni mimi, Baba yako Mkubwa,
Bogonko